Kawia Ufike: Safari ya Dereva Aliye Peke Yake Mpaka Kisiwa cha Mombasa

Kutoka Nairobi mpaka Mombasa ni mwendo wa kilomita 480 hivi, na mtu mwenye motokaa nzima aweza kuumaliza kwa siku moja. Lakini dereva aliye peke yake ana upungufu mmoja usioonekana katika injini wala katika tairi: hana mtu wa kumwambia kwamba ameanza kusinzia. Kwa hiyo yampasa kupanga mapumziko yake kabla ya kuondoka, wakati akili yake ingali timamu.

Sababu yake ni hii. Mtu aliyechoka ni hakimu mbaya wa uchovu wake mwenyewe. Hupiga miayo, husahau vijiji alivyopita sasa hivi, gari lake huanza kwenda upande, na bado hudhani aweza kuendelea. Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akifumba macho kwa sekunde 4 tu, gari limekwenda karibu mita 90 bila mwongozi. Katika barabara hii malori makubwa hupita usiku na mchana, yakichukua mizigo kutoka bandari ya Mombasa mpaka bara, hata Uganda na Rwanda. Mita 90 ni nyingi mno.

Yafaa basi dereva alale vizuri usiku, aondoke Nairobi kunapopambazuka, na kupumzika kila baada ya saa mbili. Mtito Andei ni karibu nusu ya njia. Hapo na ale, anywe maji, anyoshe miguu, na kutazama tairi, maji na mafuta. Mbele yake iko nchi ya Tsavo, iliyotengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1948, nayo iko pande zote mbili za barabara. Tembo hawana habari ya sheria za barabarani. Ndiyo sababu moja zaidi ya kutosafiri huko usiku.

Baada ya Voi joto huzidi, na saa nane mpaka saa kumi za mchana mwili wa binadamu hutaka usingizi, hata kama mtu hakula sana. Wengi hufungua madirisha au kuongeza sauti ya redio, lakini mambo hayo hayaondoi usingizi. Dawa yake ni kusimama mahali pa salama, kunywa kahawa, kisha kulala kwa dakika 15 au 20. Atakapoamka, kahawa nayo itakuwa imeanza kufanya kazi. Pale Mackinnon Road, wasafiri wengi husimama kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali. Wengine husali, wengine hupumzika tu.

Sehemu ya mwisho ndiyo fupi, lakini ndiyo ngumu. Mombasa ni kisiwa, na magari yatokayo Nairobi huingia kwa njia ya Makupa. Zamani palikuwa na tuta lililozuia maji ya bahari. Mwaka 2022 daraja lilifunguliwa mahali pake, na maji yakapata njia tena. Tangu Changamwe barabara hujaa malori, matatu, tuktuk na watu waendao kwa miguu. Jicho lililozoea mwendo wa kasi huona kilomita 50 kwa saa kuwa ni kutambaa. Dereva asiliamini jicho, bali atazame kipimo cha mwendo.

Mwenye kwenda Mji wa Kale hana haja ya kuisukuma motokaa mpaka mlangoni. Ndia Kuu, yaani Njia Kuu kwa lugha ya Kimvita, na vichochoro vyake vilikuwapo kabla ya motokaa, navyo vyatosha watu na mikokoteni. Na aliache gari karibu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha aende kwa miguu.

Na yule anayekusudia kuvuka kivuko cha Likoni kwenda pwani ya kusini, akiona jua limekuchwa naye amechoka, ni heri alale kisiwani. Wanaomngoja watasikitika kidogo usiku mmoja, lakini asubuhi watamwona. Wahenga walisema, "Kawia ufike."