Je, Wajua? Pambo la Keki Hung'arishwa na Mdudu

Chembe nyingi za rangi za dukani, zile zinazonyunyizwa juu ya keki na aiskrimu, huvikwa gundi ya mdudu ili zing'ae. Mdudu huyo, laki, huishi kwenye matawi ya miti nchini India na Thailand. Gundi yake ni shelaki, ileile ambayo maseremala hung'arishia samani!

Chembe za nyumbani hazing'ai, ila viungo vyake unavijua vyote: sukari ya aisingi, ute wa yai na rangi. Vichanganye, kamua michirizi myembamba kwenye karatasi ya kuokea, iache ikauke usiku kucha, kisha uikatekate. Pwani ngoja zaidi. Sukari hunywa unyevu wa hewa.

Waholanzi wala hawasubiri keki. Chembe za chokoleti huzila asubuhi, juu ya mkate uliopakwa siagi.