Toni Morrison: Mwandishi na Kazi ya Mshahara

Wengi hudhani kwamba mwandishi mashuhuri wa Marekani huishi kwa kalamu yake tangu mwanzo. Maisha ya Toni Morrison (1931–2019) yaonyesha vingine. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka mwaka 1970, naye ana umri wa miaka 39, ni mhariri wa Random House, tena alea wana wawili peke yake. Aliandika alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Katika kiti hicho cha uhariri aliwachapisha pia waandishi Weusi wenzake, kama Gayl Jones na Toni Cade Bambara. Alikiacha mwaka 1983, baada ya riwaya nne. Beloved ilifuata mwaka 1987. Tuzo ya Nobel, mwaka 1993. Basi mshahara haukuizima sanaa yake, bali uliilinda.