Taa zikiwaka, usikimbilie kontroli boksi!

Haya wewe mwenye Prius, au unayejipanga kuivuta kutoka Japani, soma taratibu. Siku dashibodi itakapowaka taa zote kama ukumbi wa harusi, kijiweni watakuwa na jibu moja tu: "Kontroli boksi limekufa hilo!" Kaa chonjo, hapo ndipo wengi wanapolizwa.

Mwezi uliopita yalimkuta mtoto wa mjomba wangu, dereva teksi. Prius yake ya 2007 ndiyo inayomlisha yeye, mke na watoto wawili. Pembetatu nyekundu ikawaka, gari likagoma kuingia READY. Fundi mmoja, jina kapuni, akachomeka mashine, ikasoma U0100, akadai hela ya boksi. Dogo akaanza kutafuta mteja wa friji!

Nikamwambia, "Tulia, mdogo wangu." Namba hizo zina lugha yake. Herufi U maana yake maboksi hayasikilizani. Haibridi ina maboksi mengi: la injini, la betri kubwa, la breki na mengine, yote yanapiga soga kwenye nyaya. U0100 inasema la injini halisikiki. Haisemi limekufa! Huenda limekosa umeme au ethi, au soketi imeingia kutu.

Tukaanza na cha bei poa: betri ndogo ya volti 12, ile iliyojificha kwenye buti. Ikiwa nzima na gari limezimwa, husoma kama 12.6. Ya dogo ilisoma 11.4, na terminali imeota ukungu. Betri hiyo ndiyo inayoamsha maboksi yote. Ikichoka, kila boksi linalalamika kivyake. Tukasafisha, tukafunga mpya, tukafuta namba. Kuwasha tu, READY! Mpaka leo anapiga kazi.

Namba zingerudi, tungefuata fyuzi, ethi na soketi. Boksi ni la mwisho kabisa, tena la mtumba linaweza kugoma kwa kutoutambua ufunguo wako.

Onyo: nyaya za rangi ya chungwa usiziguse. Betri kubwa ya Prius hiyo ina volti 201.6. Inaua, si utani. Mwachie fundi aliyesomea, mwenye glavu zake.

Kwa hiyo ukiambiwa "boksi", uliza swali moja: "Betri ndogo umeipima?" Akibaki kukodoa macho, chukua ufunguo wako, sepa!