Selimundu: maabara ni pale mgonjwa alipo

Mwanafunzi wa maabara anatoboa kidole cha mgonjwa, anadondoshea tone la damu kwenye kioo, kisha analichanganya na kemikali inayoinyang'anya damu oksijeni. Analifunika kwa kijioo chembamba na kuziba kingo ili hewa isipenye. Kwenye darubini, chembe nyekundu mwanzoni ni za duara. Baada ya muda, ikiwa damu ina himoglobini S, baadhi yake huanza kupinda na kuchongoka ncha, zikawa na umbo la mundu.

Kipimo hiki ni rahisi, lakini humpotosha asiyefundishwa vizuri. Aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, ila chembe zake nazo hupinda zikikosa oksijeni. Ndiyo maana damu hupelekwa pia kwenye elektroforesi, ambako umeme hutenganisha himoglobini A ya kawaida na S ya selimundu kwa mwendo wake. Mwaka 1949, huko California, Linus Pauling na wenzake waliiona tofauti hiyo ya mwendo, wakatangaza kwamba selimundu ni ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha kosa lenyewe lilipo: katika mnyororo wa beta wenye asidi za amino 146, ya sita imebadilika. Palipostahili asidi ya glutami pamekaa valini.

Kosa hilo moja linatesa mwili mzima. Himoglobini S ikishaachia oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu, chembe hupinda na kunasa kwenye mishipa midogo. Hapo mifupa huuma kupita maelezo, bandama huharibika na kumwacha mtoto bila kinga dhidi ya bakteria hatari, na wengine hupata kiharusi wakiwa wadogo kabisa. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa huishi siku 10 hadi 20. Uboho hujitahidi kuzalisha nyingine, lakini haufui dafu.

Kwa nini kinasaba chenye madhara kiasi hiki hakikutoweka? Jibu lilitoka kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa huko mwaka 1949 akakuta wenye kinasaba ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba kurithi kinasaba kimoja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali.

Swali linalonigusa zaidi ni jingine. Watoto wawili wana vinasaba vilevile vya selimundu. Mmoja analazwa kila mara, mwenzake anamaliza shule bila matatizo makubwa. Kwa nini? Huwezi kulijibu kwa kusoma vitabu tu. Katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa, na hadi leo idadi yao imefika maelfu. Sehemu ya jibu ni himoglobini F, ile ya mtoto aliye tumboni: anayebaki nayo nyingi baada ya kuzaliwa huwa na nafuu. Dawa ya haidroksiyurea huiongeza. Kulikuwa na hofu kwamba penye malaria dawa hiyo ingewadhuru watoto, mpaka utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulipotoa majibu mwaka 2019: maumivu, maambukizi, hata malaria yenyewe, vyote vilipungua, na vifo pia. Jibu hilo lisingepatikana London.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba, kwa bei ambayo familia zetu haziwezi kuigusa. Kwa sasa kinachookoa watoto wetu ni kupimwa mapema, penisilini, chanjo, haidroksiyurea, na mtaalamu anayejua kuzungumza na wazazi. Aliyefuzu vizuri atawaeleza kwamba wote wawili wakiwa wabebaji wa kinasaba, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya minne kwa kila mimba, hata kama mtoto wa kwanza tayari anaumwa. Na atamwambia baba, mbele ya mama aliyekwisha kulaumiwa na ukoo mzima, kwamba kinasaba kimoja kimetoka kwake.