Kanuni ikisema "safisha chuma kabla ya kuchomelea", inamaanisha nini?

Fundi ameshinda akichomelea mabomba ya gavanaizi. Usiku anaanza kutetemeka, homa inapanda, mdomoni anasikia ladha ya chuma. "Hii malaria," anasema. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia ni homa ya moshi wa zinki, na chanzo chake ni hatua aliyoiruka asubuhi: kusafisha chuma.

Sasa, kanuni zinasemaje? Tuchukue AWS D1.1, kanuni ya Marekani ya kuchomelea miundo ya chuma, ambayo wahandisi wengi nje ya Marekani huitumia pia. Inataka maji, mafuta na grisi viondolewe. Hapo hakuna ubishi. Vyote vina hidrojeni, na hidrojeni ikinaswa ndani ya chuma kigumu inaweza kukipasua saa nyingi baada ya kazi kwisha.

Ubishi unaanza kwenye mipako. Kwa miaka mingi kanuni hiyo iliruhusu mpako mwembamba wa kuzuia kutu ubaki, bila kutaja mwembamba ni kiasi gani. Ndipo mtu anapouliza: "Gavanaizi si inazuia kutu? Basi tuchomelee tu!"

Ngoja kwanza, tuangalie namba. Praima ya kiwandani iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma kitakachochomelewa huwa kama mikroni 15 hadi 25. Lakini chuma kinene kuliko milimita 6, kikichovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, kiwango cha ISO 1461 kinataka wastani usiopungua mikroni 85. Hizo ni zinki nyingi! Tena zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Yaani chuma kabla hakijayeyuka, zinki imeshakuwa mvuke.

Mvuke huo una njia mbili. Ukinaswa ndani ya mshono, unaacha vitundu vinavyoudhoofisha. Ukitoka nje, unaungana na oksijeni na kuwa ule moshi mweupe, oksidi ya zinki, ambao fundi anauvuta.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "mpako ni mwembamba?" bali "mshono utapita ukaguzi?" Matoleo ya karibuni ya D1.1 yanaelekea huko: mpako unaweza kubaki, mradi ubora wa mshono utimie. Ukitaka kuuacha, chomelea kwanza kipande cha majaribio chenye mpako uleule, ukikate, uangalie ndani. Kama huna uhakika, ondoa. Kwa gavanaizi, ushauri wa AWS D19.0 ni kuondoa zinki milimita 25 hadi 100 kila upande wa mshono, mbele na nyuma ya bamba. Vaa barakoa unaposaga kwa grainda. Ukimaliza kuchomelea, paka rangi yenye zinki nyingi, maana pale ulipokwangua kutu haitachelewa.

Hata ukisaga vizuri, zinki kidogo hubaki. Fanyia kazi penye hewa inayopita, na usiinamie moshi. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa hayauzuii kuingia mapafuni. Homa ya zinki kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, lakini usijitibu kwa kubahatisha: kapime malaria, na mwambie daktari siku hiyo ulikuwa unachomelea nini.