Mkwaruzo, Mwatuko na Mbambuko: Msamiati wa Kasoro za Utando wa Miwani

Makala haya yanakusudia kueleza kasoro ziupatazo utando wa lenzi za miwani, na kuonyesha kwamba Kiswahili kinavyo vitenzi vya kuzitenga bila ya kuazima. Mfano ni Voi na sehemu nyinginezo za Taita Taveta, ambako jua kali la nyika na vumbi jekundu vimepakana na baridi ya milima. Mara nyingi mvaaji na muuzaji hutumia neno moja tu, mikwaruzo, kwa kila alama ionekanayo kiooni. Neno hilo lina hukumu ndani yake: kwaruza ni kitenzi kidaicho mtendaji, na mtendaji anayedhaniwa ni mvaaji. Basi gharama humwangukia yeye, hata pale ambapo kosa lilitendeka karakana.

Mtu asiyeona mbali kwa kiasi kikubwa, akipewa lenzi ya plastiki ya kawaida, ambayo kipimo chake cha kupinda mwanga ni kama 1.50, hubebeshwa kioo kinene ukingoni. Ndiyo sababu zikatengenezwa plastiki za 1.60, 1.67 na 1.74, zilizo nyembamba zaidi kwa nguvu ile ile. Lakini kadiri kipimo kinavyopanda ndivyo lenzi inavyozidi kuakisi mwanga: asilimia 4 hivi kwa kila uso wa lenzi ya 1.50, na zaidi ya 6 kwa ile ya 1.67. Kwa hiyo hupakwa laka ngumu, kisha juu yake matabaka ya oksidi za silikoni na za metali kama titani, ambayo jumla yake haifiki sehemu moja ya elfu ya milimita.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Plastiki ikipata joto hutanuka mara nyingi zaidi kuliko oksidi. Utando, usioweza kunyumbuka kiasi hicho, hupasuka na kufanya wavu wa nyufa nyembamba. Miwani iliyoachwa mbele ya usukani, gari likiwa limeegeshwa juani Voi wakati wa adhuhuri, yaweza kupatwa na joto la nyuzi 70 na zaidi. Hata hivyo, joto hilo huweza pia kutoka kwa fundi, apulizapo hewa ya moto kulainisha fremu huku lenzi imo ndani. Tena lenzi iliyokatwa kubwa kuliko fremu, ikakazwa kwa skrubu, huanza kupasuka utando pembezoni.

Kitenzi stahiki hapa ni kuatuka, kisemwacho kwa ardhi iliyokaushwa na jua na kwa nyayo zenye magaga. Ni kitenzi cha hali, hakimtaji mtendaji. Jina mwatuko hupatikana kwa kanuni ile ile iliyotoa mkwaruzo, na jicho laweza kuvipambanua: lenzi ikiinamishwa chini ya taa, mikwaruzo huonekana ikifuata mkondo wa kitambaa, ilhali mwatuko hauna mkondo, ni kama tope lililokauka. Mikwaruzo yenyewe husababishwa hasa na kufuta kukavu. Miamba ya Taita ina kwatzi nyingi, na chembe zake katika vumbi ni ngumu kuliko plastiki. Heri kusuuza kwa maji kwanza.

Kasoro ya tatu huelekea kuchanganya hata wasemaji hodari. Stempu hubanduka, yaani kitu kizima huachana na kilipogandishwa. Rangi ya ukuta hubambuka, vipande kwa vipande. Utando wa miwani hubambuka. Sababu huwa ni uso ambao haukusafishwa barabara kabla ya kupakwa, au unyevu ulioingia chini ya utando kupitia ukingoni au katika nyufa. Yaani mwatuko huweza kuzaa mbambuko, na mteja akafika dukani na kasoro mbili zenye asili moja. Dawa za klorini na amonia huharakisha uharibifu huo. Kung'arisha hakuponyi lolote kati ya haya. Lenzi hubadilishwa, na swali linalobaki ni nani alipe.

Ukungu usihesabiwe humu pasipo uangalifu. Asubuhi ya baridi Wundanyi, lenzi hufunikwa na mvuke wa pumzi, kisha ukatoweka wenyewe. Ule usiotoweka hata baada ya kuoshwa kwa maji na sabuni ndio wa kupelekwa kwa fundi.