Furu wa Ghuba ya Mwanza: Sangara Hakuua Peke Yake (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale sangara, aliyepandikizwa upande wa Uganda wa Ziwa Victoria miaka ya 1950, alipofurika Ghuba ya Mwanza katikati ya miaka ya 1980. Nadhani wasomaji wengi walilikunja gazeti wakiwa wameshatoa hukumu: furu kaliwa na sangara, kesi imekwisha. Leo naomba kesi hiyo ifunguliwe upya. Yupo mshtakiwa wa pili tusiyependa kumtaja, pengine kwa sababu ni sisi wenyewe.

Tuanze na marehemu. Uchunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki walionaswa na nyavu za kukokota ziwani walikuwa furu. Sokoni huyu alikuwa samaki wa fungu, mdogo, mwenye miiba mingi, kitoweo cha asiye na hela ya sato. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliopiga kambi Mwanza kuanzia mwaka 1977, walimtazama kwa jicho jingine. Leo inafahamika kwamba tunaowaita furu ni spishi zaidi ya 500, kila moja na riziki yake. Wapo wanaosaga konokono kwa meno ya kooni, wapo wanaokwangua mwani mawe kwa mawe, na wapo majambazi wanaomvamia mama na kumnyang'anya watoto aliowaficha mdomoni.

Naam, mdomoni. Ukimshika furu jike aliye hai ambaye kidevu chake kimetuna, atakutemea kiganjani vifaranga vyenye macho makubwa kuliko mwili. Vihesabu: ni makumi tu. Sangara jike aliyekomaa hutaga mayai kwa mamilioni. Samaki anayelea watoto wachache namna hiyo hastahimili uvuvi mkubwa, na sisi tulishaanza kumvua hivyo kabla sangara hajatamalaki. Katika miaka ya 1970 meli za kukokota nyavu zilikuwa zikipeleka furu kwenye kiwanda hapa Mwanza, wakasagwe kuwa chakula cha mifugo.

Hata hivyo, sehemu ya kesi inayonisumbua zaidi haina meno wala nyavu. Kwenye miamba ya visiwa vyetu wanaishi furu ambao wavuvi wa Kisukuma huwaita mbipi. Miongoni mwao yumo mmoja aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka; leo samaki huyo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na michirizi myeusi. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, dume lake ni la rangi ya buluu. Kwenye maji maangavu, kama yale ya Kisiwa cha Makobe, jike humchagua dume kwa rangi, mwekundu kwa mwekundu, buluu kwa buluu, na koo mbili zinakaa jirani bila kuchanganyika.

Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza katika jarida la Science kinachotokea maji yakichafuka. Tope na mwani humeza mwanga, rangi hazionekani sawasawa, jike hajui tena nani ni nani. Wanazaliwa machotara, madume yanapauka, na palipokuwa na spishi mbili inabaki moja. Hakuna aliyeliwa. Spishi imekwisha kwa ndoa.

Sasa tope hilo linatoka wapi? Linatoka kwenye mashamba ya pamba na mahindi yaliyolimwa hadi kingo za mito, na kwenye vilima vilivyokatwa miti. Mto Mirongo nao unapita katikati ya jiji letu ukibeba kila tunachokitupa. Rutuba inayoingia ziwani hulisha mwani. Mwani ukifa huzama na kuoza, na kuoza huko kunamaliza oksijeni ya kilindini, walikokuwa na makao furu wa maji marefu. Halafu kuna jambo ambalo mama yeyote wa mwaloni angeweza kulieleza: furu hukaushwa juani, lakini sangara ana mafuta mengi, hakauki vizuri, lazima abanikwe. Kubanika kunataka kuni, na kuni zinatoka kwenye vilima vile vile. Washtakiwa wawili wamekuwa wakisaidiana.

Uvuvi ulipompunguza sangara katika miaka ya 1990, baadhi ya furu walirudi. Haplochromis pyrrhocephalus, aliyekuwa ametoweka kwenye nyavu za watafiti, alionekana tena akiwa na matamvua makubwa kuliko ya babu zake, akila uduvi na windo kubwa kuliko la zamani. Aliyerudi, basi, ni yule aliyeweza kubadilika akaishi kwenye maji yenye oksijeni kidogo. Spishi zinazokadiriwa kufikia 200 hazijaonekana tena, na kumvua sangara wote hakutazirudisha.

Tuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane tangu mwaka 2013, ya kilomita za mraba 2.18, maji yanayoizunguka yakiwemo. Wageni huenda kutazama swala na pimbi, sina ugomvi nao. Lakini mpaka wa hifadhi hauzuii tope, na askari mwenye bunduki hana la kufanya dhidi ya shamba lililolimwa kufuata mteremko huko juu. Sheria ya uvuvi nayo inapima urefu wa sangara, kwa kuwa sangara ana mnunuzi Ulaya.

Wiki ijayo tutaondoka ufukweni twende Mto Simiyu, tuone udongo wa Usukuma unavyosafiri hadi Ghuba ya Speke, na kwa nini mkulima anayeupoteza ana sababu zake mwenyewe za kutaka kuuzuia.